Jinsi Nilivyostaafu Kuondosha Gari la Bwana Shamsi

Niliweka mkeka wa harusi ya dada yangu chini ya matairi ya gari. Nalitaja hili mwanzo kabisa, kabla hamjalisikia kwa mtu mwingine, maana hapa Lindi kila anayelisimulia huongeza chumvi yake. Wapo wanaosema dada alikuwa ameukalia. Uongo. Dada alikuwa sokoni, mkeka ulikuwa umekunjwa juu ya kabati, na aliyepanda kiti kuushusha ni mimi.

Wadogo zangu wa darasa la sita, nawaandikia haya nikiwa mstaafu. Nina miaka kumi na sita. Mwalimu wetu anasema mstaafu ni mtu aliyemaliza kazi yake akapumzika. Mimi kazi ndiyo iliyonimaliza, na kupumzika bado. Hata sasa ninapoandika, mguu wangu wa kushoto unakanyaga klachi chini ya dawati, na Abdalla ninayekaa naye ameshanionya mara mbili kwamba dawati linatembea.

Kazi yenyewe ilikuwa kuondosha gari. Sisemi kuendesha. Kuendesha hata mbuzi anaweza, ukimfunga kwenye usukani na barabara ikiwa imenyooka. Kuondosha ni kulichukua gari lililosimama kimya, na kabla mtu hajamaliza kusema "tazama", halipo tena. Kazi ya kupepesa macho tu, lakini niliifanya miezi minne na nilikosea kila namna ambayo binadamu anaweza kukosea, kwa hiyo nina la kuwafundisha.

Gari lilikuwa la Bwana Shamsi, mtoto wa mwenye duka la nguo pale karibu na soko. Mnamfahamu, yule mwenye miwani anayepima kitambaa huku akihutubia. Lilishushwa melini likitoka Dar es Salaam: la kijani, viti viwili, halina paa, na fupi kwenda chini kiasi kwamba kuku walikuwa wanatazamana na dereva macho kwa macho. Siku ya kwanza alipolipitisha sokoni, wazee waliuliza nusu ya juu itakuja na meli ipi.

Injini yake ilikuwa na nguvu za kutisha na nyuma yake palikuwa pepesi kama debe tupu. Hapo ndipo taabu ilipokuwa. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, matairi ya nyuma yanazunguka pale pale na kuchimba kaburi, vumbi linapanda, na wewe umekaa ndani ya vumbi lako ukiwa mwenyeji. Na Bwana Shamsi alikuwa na binamu yake wa Mikindani, Bwana Nuru, mwenye gari jeusi, zito, lenye adabu, linaloondoka bila maneno. Kila Ijumaa ya pili ya mwezi Bwana Nuru alikuja Lindi kuswali na kula kwa shangazi yake, na baada ya kula walikwenda barabara ya Mingoyo kushindana. Walianzia kwenye kalvati wakaishia kwenye mkorosho. Palikuwa pafupi mno. Aliyetangulia kuondoka alikuwa kama ameshafika. Mashindano yale yaliishia pale pale yalipoanzia, na Bwana Shamsi alikuwa hajashinda hata mara moja.

Mimi niliajiriwa kwa ajili ya makalio yangu. Msicheke. Fundi Saidi, aliyekuwa akitengeneza magari kwenye banda nyuma ya duka, aliniona nikipita na kitabu changu cha chuoni kwapani, akanipima kwa jicho kama mtu anayenunua mbuzi, akamwambia Bwana Shamsi, "Yule akae nyuma. Tairi zinataka uzito."

"Si tuweke gunia?" akasema Bwana Shamsi.

"Tuliweka gunia."

Kweli waliweka gunia, la nazi, kwenye barabara ya Mchinga, wakati wa kujaribu. Gari lilipoondoka, gunia lilipasuka na nazi zikabaki. Watu wa pale waliziokota kwa furaha na wakauliza Bwana Shamsi atapita tena lini.

Basi nikakaa nyuma ya viti, juu ya turubai lililokunjwa, miguu nimeibana. Siku ya kwanza Bwana Shamsi akaondosha gari na mimi nikabaki. Nilikaa hewani kidogo, naapa, kisha nikakaa barabarani. Lakini Fundi hakunitazama mimi. Alitazama alama za matairi, akasema, "Mpaka alipoanguka, lilikuwa linaondoka vizuri." Toka siku hiyo nikafungwa na mkanda.

Fundi Saidi aliendesha lori kati ya Kilwa na Lindi kwa miaka ambayo yeye mwenyewe hakuihesabu, na sikio lake la kulia lilikufa humo. Alikuwa mtu wa hasira fupi na chai ndefu. Ukimuuliza jambo kwa upande wa kulia, hakusikia. Ukimuuliza kwa kushoto, alisikia akakasirika. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ugonjwa wa Bwana Shamsi haukuwa mguuni. Ulikuwa mdomoni. Akishika usukani anaanza kuzungumza, na mtu anayezungumza hasikii injini.

"Gari linakwambia lenyewe," Fundi alinifundisha. "Likinguruma chini, ukiachia klachi linazima. Likipiga kelele, ukiachia linachimba. Katikati hapo kuna sauti moja, kama mtu anayetaka kusimama kwenye kiti. Hiyo ndiyo unaisubiri."

"Nitaijuaje, Fundi?"

"Ukishaikosa mara mia."

Niliikosa zaidi ya hapo. Lakini nina sikio, na kama mnabisha muulizeni mwalimu wa madrasa, ambaye ananichukia kwa mengine yote. Hatimaye kazi ikawa hivi: Bwana Shamsi anakanyaga mafuta na kuhutubia, mimi nimekaa nyuma yake nimenyamaza, na ile sauti ikifika nampiga bega na kusema, "Achia." Yeye anaachia klachi. Uzito wangu unakandamiza matairi, gari linachuchumaa nyuma kama paka, na tunakwenda. Nilikuwa mzigo na sikio kwa wakati mmoja. Sijui kama kuna mtu mwingine Tanganyika hii aliyepata kuwa na kazi hiyo.

Kuhusu klachi, shikeni hili, hata kama hamtagusa gari maisha yenu. Inaachiwa kama kamba ya ndoo kisimani. Ukiiachia yote, ndoo inapiga maji na kupasuka. Ukiibana mno, unasimama pale na kiu yako. Inateleza mkononi, unauhisi uzito, halafu unaiacha iende. Fundi alinipeleka kisimani kwa jirani kunifundisha hivyo, na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu walimuuliza kama amenifukuza kazi au amenioa.

Tairi nazo zina siri. Zikijaa upepo sana zinakuwa ngumu, zinagusa ardhi kwa upana wa unyoya tu. Unazipunguza kidogo zitulie. Mimi niliambiwa kidogo, nikatoa mpaka nikaridhika, na gari lilipoondoka, tairi moja ilikataa kufuatana na chuma chake. Fundi alikunywa vikombe vitatu vya chai kabla hajazungumza nami. Alichosema baadaye siandiki humu, mwalimu anaweza kusoma.

Mtaona makosa yangu yote ni kosa moja. Nina haraka. Mama anasema nilizaliwa mkunga akiwa bado njiani. Kuisubiri ile sauti ya injini kulikuwa kunaniwasha mwili mzima, vidole vinacheza, roho inaruka, nataka kusema "achia" kabla gari halijawashwa.

Sasa mkeka.

Dada yangu Mwanahawa alikuwa anaolewa. Nyumbani kwetu mkeka wa bibi harusi unasukwa na mama yake kwa mikono yake. Kuununua ni aibu ambayo wajukuu watasimuliwa. Mama alianza miezi saba kabla. Kama hamjui, na wengine wenu mnalala juu yake bila kujua, mkeka husukwa kwanza mikanda mirefu myembamba ya ukindu, kila mmoja unaitwa ukili, halafu kili zile zinashonwa pamoja ubavu kwa ubavu. Wa Mwanahawa ulikuwa na kili kumi na tano, zenye rangi nyekundu, kijani na zambarau. Siku moja kabla ya harusi wanawake wa upande wa bwana huja kuuona chumba, na wakiingia hawamtazami bibi harusi. Wanatazama mkeka. Wanaupapasa, wanaugeuza nyuma, wanatazamana. Baada ya hapo ndipo wanajua wameoa nyumba ya namna gani.

Ijumaa ninayoisema, harusi ilikuwa imebaki siku kumi na mbili, na Bwana Nuru alikuwa anakuja. Tulikuwa tumeshindwa mara tatu, lakini mara ya tatu kwa urefu wa boneti tu. Tulikuwa karibu. Sikulala. Asubuhi nilikwenda mbio mpaka kwenye kalvati kutazama njia, nikakuta upepo umemwaga mchanga pale pale tunapoanzia. Mchanga laini, wa kuchezea watoto. Nikajua tutachimba.

Fundi Saidi alikuwa na hadithi zake za njia ya Miteja wakati wa mvua, lori limezama hadi tumboni, na wao wanatandika chini ya magurudumu chochote kilichopo: makuti, magunia, jamvi kuukuu, siku moja kanzu yake mwenyewe. Na lori likatoka. Hapa pwani hakuna asiyeijua dawa hiyo. Nilikuwa nimeshamuuliza, "Fundi, na sisi tukitandika jamvi?"

"Lori lilikuwa linatambaa," alijibu. "Hili linaruka. Hapo jamvi lako ni klachi."

Nilisikia. Sikuelewa, lakini nilisikia, na hiyo ndiyo sababu siwezi kumlaumu mtu.

Nilirudi nyumbani kutafuta jamvi letu kuukuu. Lilikuwa limeazimwa na jirani aliyefiwa. Nikatazama huku, nikatazama kule, nikatazama juu ya kabati. Akili yangu ikaniambia maneno ambayo bado nayakumbuka: jamvi ni jamvi, lakini huu umesukwa vizuri zaidi, kwa hiyo utashika zaidi. Na gari litakaa juu yake kwa kupepesa macho tu. Nitaukung'uta na kuurudisha kabla mama hajatoka kwenye shughuli zake za mchana.

Niliutia ndani ya gunia. Baada ya swala tukaenda, mimi nimeukalia. Kwenye kalvati watoto walikuwa wamejaa, na mabinamu wawili walianza kubishana kama kawaida kuhusu nani akae upande wa kivuli. Fundi alikuwa anaongeza maji kwenye injini. Nikautandika, nikautupia mchanga kidogo juu. Bwana Shamsi akarudisha gari nyuma kwenye alama huku akimweleza Bwana Nuru jambo, na magurudumu ya nyuma yakapanda juu ya miezi saba ya mama yangu kwa upole kabisa.

Kijana mmoja akainua leso. Injini ikaanza kupanda. Nikaisikiliza, na safari hii niliisubiri, wallahi niliisubiri, na ile sauti ilipokuja nilimpiga bega, nikasema, "Achia."

Palisikika mlio kama mtu anayechana kanga, ila kanga ndefu sana. Mkeka uliteleza chini ya matairi kama klachi, nusu yake ikarushwa nyuma, ikapita juu ya vichwa vya watoto, ikatua kwenye baiskeli ya askari aliyekuja kutuambia tusifanye tunachofanya. Nusu nyingine ikajiviringisha kwenye ekseli. Gari likakohoa mara mbili, likazima. Mbele kule, kwenye mkorosho, Bwana Nuru alikuwa anapiga honi.

Fundi alipiga magoti akachungulia chini. Akavuta kipande cha ukindu, akakitazama kwa mwanga.

"Jamvi la nani lina zambarau?"

"La nyumbani, Fundi."

"Nyumbani kwa nani?"

Bwana Shamsi akashuka. Kwa mara ya kwanza toka nimfahamu, alikuwa amenyamaza. Alikichukua kile kipande, akavua miwani, akaivaa tena. "Bakari," akasema, "rangi hii niliagiza mimi kwa ajili ya mama yako. Huu si wa Mwanahawa?"

Watoto walikuwa wameacha kucheka, na mnajua watoto wa Mingoyo hawaachi kucheka bure.

Wakaukata kwa kisu kuutoa kwenye ekseli. Askari akaleta nusu yake, ameikunja vizuri, akanipa mikononi kama mtu anayerudisha mtoto aliyepotea. Bwana Nuru, ambaye ni muungwana kuliko gari lake, alirudi akasema ile haihesabiki, turudie. Tukaufagia mchanga kwa matawi, jambo ambalo tungeweza kulifanya toka mwanzo bila gharama yoyote. Nikakaa nyuma na mkeka mapajani. Leso ikainuliwa. Injini ikaanza kupanda, na mimi nikawa nasikia kitu kingine, nasikia mlango wetu ukifunguka na mama akitazama juu ya kabati. Nikasema, "Achia."

Matairi yakazunguka. Tulipofika kwenye mkorosho, Bwana Nuru alikuwa ameshashuka garini na anafuta kioo.

"Umewahi," Fundi akaniambia.

"Nilidhani imefika, Fundi."

"Sisemi hiyo. Umewahi toka asubuhi."

Nilimwomba anisindikize kwa mama. Akanigeuzia sikio la kulia. Bwana Shamsi alinileta kwa gari, lakini alisimama nyumba mbili kabla ya kwetu, akasema nimsalimie mama, na mara tu nilipokanyaga chini, aliondoka. Hapakuwa na sikio la mtu nyuma yake wala uzito wowote. Gari lilichuchumaa, likaruka, likapotea kwenye kona bila kurusha hata punje ya mchanga. Mpaka leo ndilo ondoko bora kuliko yote niliyopata kuyaona, na hakuna aliyekuwa anashindana naye ila mama yangu.

Najua mnataka kuuliza kuhusu harusi, kwa hiyo naruka mbele. Mkeka ulifika. Wanawake wakaja, wakaupapasa, wakaugeuza. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye vidole vya hakimu, alisimama kwenye ukili mmoja wa pembeni, akaukuna kwa ukucha. Kumi na nne, pamoja na tatu alizosuka mama upya, zilikuwa zimenyooka, huo ulikuwa unapanda na kushuka kama barabara ya Mchinga.

"Na huu alisuka nani?" akauliza.

Mwanahawa, aliyekuwa hajazungumza nami siku kumi na moja, akajibu bila kuinua uso, "Dereva wetu."

Shangazi akanitafuta kwa macho mlangoni. Nilikuwa nimeficha mikono nyuma, vidole vina malengelenge. Akacheka mpaka akakaa juu ya mkeka wenyewe, na shangazi wa bwana harusi akishakaa, basi umepokewa. Lakini muda wote nilikuwa nimemtazama mama, na mama hakucheka. Alikuwa anatazama ule ukili wangu kama mtu anayesoma barua.

Nirudi sasa kwenye Ijumaa ile, maana ndipo nilipostaafu.

Niliingia uani na gunia. Mama alikuwa amekaa chini anachana ukindu uliobaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Hilo lilinivunja kabisa. Nikaliweka gunia mbele yake. Akaufunua mkeka, nusu ya kwanza, nusu ya pili, akaziweka karibu karibu kama mtu anayetaka kuona kama zitakumbukana. Alama ya tairi ilikuwa imepita juu ya nyekundu. Hakupiga kelele. Alipitisha kidole kwenye kila ukili, akitenganisha walio hai na waliokufa. Alikuta kumi na moja zinaweza kuungwa. Nne zimekwisha.

"Gari?"

"Ndiyo, mama."

"La Shamsi?"

"Ndiyo."

"Lilikwenda?"

"Halikwenda, mama."

Kisha akachukua fungu la ukindu, akalichovya kwenye bakuli la maji, akanitupia mapajani. Nilijua kusuka kwa kutazama, kama ninyi nyote. Hakuna mvulana wa mtaa wetu aliyewahi kuonekana anasuka. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na wapita njia walianza kupunguza mwendo.

Nikaanza. Niliona nne si nyingi. Nikijitahidi, nikasema moyoni, jua likizama nitakuwa na mmoja, kesho wa pili, na Jumatatu narudi kwa Fundi. Vidole vikakimbia. Nilivuta, nikapishanisha, nikavuta. Haukupita muda nikawa na kipande kirefu kama mkono, nikakiinua kumwonyesha.

Mama akakipokea. Akakinyoosha mbele ya jua, na jua likapita katikati yake mahali kumi. Mwanzo wake ulikuwa umelegea, kwa hiyo yote iliyofuata ilikwenda upande. Akaingiza ukucha pale mwisho, akavuta taratibu, na kazi yangu yote ikafumuka mpaka kwenye fundo la kwanza. Akanirudishia chane zile za ukindu mkononi, akanifunga vidole juu yake kwa vidole vyake, akasema:

"Siku bado zipo kumi na mbili. Anza tena, na uondoke polepole."